Wateja 30, simu 5 na wiki 7 za kungoja: jibu kwa muuza simu wa Arua

Swali: «Nina duka la simu Arua mjini. Simu mpya ilipotangazwa mwezi wa tisa, kila mtu aliitaka. Nilipokea arbuni ya laki tatu kutoka kwa kila mmoja wa wateja 30, wengine dukani, wengine kwa WhatsApp, nikawaahidi wiki mbili kama nilivyoahidiwa na muuzaji wangu wa jumla wa Kampala. Fedha zote nilimtumia yeye. Leo ni wiki ya saba na kila nikimuuliza anasema mzigo umekwama. Zimefika simu tano tu. Tatu niliwapa waliokuwa wakinisumbua zaidi, mbili niliwauzia watu walioingia dukani na fedha kamili, maana kodi ya chumba ilikuwa imefika. Sasa natukanwa Facebook, wengine hawapokei tena simu zangu, na mmoja wa Ariwara, ng'ambo Kongo, mtu mpole sana, naye amenyamaza. Mimi si mwizi. Mbona watu ninaowafahamu miaka yote wamenigeuka hivi, na nifanye nini?»

Dada yangu, pole na hizi wiki saba. Nimehudumia wateja na kupokea mizigo ya simu Kampala kwa miaka mingi, na barua kama yako nimezisoma nyingi. Chache sana zinakiri jambo kama ulivyokiri wewe kuhusu zile simu mbili. Kwa kuwa hukunificha, nami sitazunguka. Wiki saba ni nyingi, lakini wateja wako wangeweza kuzibeba. Kilichowashinda kubeba ni zile simu tano, na mikono zilikopita.

Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na ni kweli, ila matumbo hayaumi sawa kila mara. Wewe ni mtu wa West Nile, unakumbuka mwaka 2024 daraja la Karuma, kwenye njia ya Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo. Mabasi na malori yalizungushwa kupitia Masindi na Paraa hadi Pakwach. Safari ilirefuka na watu walichoka. Lakini kila abiria alijua njia imefungwa kwa nini, alijua atapita wapi, na alijua basi la tajiri na la maskini yote yanazunguka. Mtu akiyajua hayo anafunga chakula chake cha njiani na kupanda. Wateja wako hawajui mzigo uko wapi, hawajui wafanye nini wakati wanangoja, halafu wamegundua kwamba kuna wenzao waliovushwa darajani usiku.

Nianze na mzigo uko wapi, kwa sababu bila hilo huna cha kumwambia mtu.

Simu inayopendwa inapotangazwa, viwanda havina za kutosha dunia nzima kwa siku moja. Za kwanza huenda kwenye masoko makubwa: Marekani, China, Ulaya, nchi za Ghuba. Sisi hupata baadaye. Ndiyo maana nyingi zinazoonekana Kampala majuma ya mwanzo zimepitia Dubai, mikononi mwa wafanyabiashara wanaomuuzia anayelipa zaidi. Kutoka huko husafirishwa kwa ndege hadi Entebbe, na betri ya lithiamu iliyo ndani ya simu ni mzigo wenye masharti angani. Karatasi zikijazwa vibaya, shirika la ndege linaweza kukataa kuupakia. Entebbe kuna forodha ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kuna mabishano juu ya thamani iliyotangazwa. Wakala wa forodha asiye na karatasi kamili anaweza kuukalisha mzigo siku nyingi hapo. Ukishatoka, muuzaji wa jumla anagawa, na duka la Arua lililoagiza simu 30 si rahisi litangulie duka la Kampala lililoagiza 300.

Sasa rudi kwenye neno uliloambiwa, kwamba mzigo umekwama. Umekwama wapi? Mpigie leo umuulize: simu zangu zimeshanunuliwa au bado? Kama zimenunuliwa, namba ya hati ya mzigo wa ndege ni ipi? Kama zimefika Entebbe, wakala wa forodha ni nani na amekwishalipa nini? Mwenye mzigo wa kweli anayajibu hayo kwa dakika tano. Akianza kukwambia subiri, nitakupigia, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba laki tatu zako mara 30 hazijanunua kitu, na hapo hatuzungumzii tena kuchelewa. Tunazungumzia deni. Nitalirudia hili.

Usidhani aibu hii ni ya maduka madogo tu. Novemba 2012, Google walianza kuuza simu ya Nexus 4, iliyotengenezwa na LG, kupitia duka lao la mtandaoni. Ilikuwa simu nzuri kwa bei ya chini, ikaisha siku hiyo hiyo. Watu waliokwisha kuweka oda wakaandikiwa kwamba watangoja wiki kadhaa. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa mpaka mkuu wa Google nchini Uingereza, Dan Cobley, akaomba radhi hadharani mwezi wa Desemba. Alikiri kwamba simu kutoka kiwandani zilikuja chache na bila mpangilio, na kwamba wao wenyewe hawakuwasiliana vizuri na wateja. Kampuni yenye mitambo ya kutafuta kila kitu duniani ilishindwa kumwambia mnunuzi simu yake iko wapi.

Linganisha na iPhone X. Oda zilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 2017, na upesi sana muda wa kungoja ulioandikwa kwenye tovuti ya Apple ukafika wiki tano hadi sita. Watu waliguna, lakini muda ule ulikuwa umeandikwa mbele yao kabla hawajatoa fedha, kisha wengi wakaletewa mapema kuliko walivyoandikiwa. Aliyeahidiwa wiki sita akapata kwa nne hufurahi. Aliyeahidiwa mbili akapata kwa nne hukasirika. Muda ni ule ule.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Samsung, mwaka 2019. Galaxy Fold, ile ya kukunja, ilikuwa itoke Marekani tarehe 26 Aprili. Siku chache kabla, vioo vya baadhi ya simu walizopewa waandishi wa habari wazijaribu vikaharibika, na kampuni ikaahirisha bila kutaja tarehe mpya. Walioweka oda wakaandikiwa hivi kwa ufupi: ukitaka kuendelea kungoja, thibitisha, tarehe 31 Mei ikifika bila simu kutoka na bila wewe kuthibitisha, oda inafutwa yenyewe. Sheria ya biashara ya Marekani inalazimisha jambo hilo. Muuzaji akichelewa lazima amwambie mnunuzi na kumpa nafasi ya kujitoa na kurudishiwa fedha yake yote. Simu ilitoka Septemba. Nimeupenda mfano huu kwa sababu ukimya wa mteja haukuhesabiwa kuwa ridhaa. Sisi wauzaji wa Uganda tuna tabia mbaya ya kuuhesabu hivyo: hajalalamika, basi ameridhika. Hajaridhika. Ameshakuhesabia hasara.

Na hapo ndipo simu zako tano zinapoingia.

Tatu uliwapa waliokusumbua zaidi. Dada, siku ile ulifundisha wateja 27 waliobaki kwamba anayepiga kelele anapata na mpole anakaa. Waliokutukana Facebook hawakuzaliwa na matusi. Waliona ni njia gani inafanya kazi dukani kwako wakaifuata. Ungewapa wapole kwanza, au ungefuata daftari tu, matusi mengi usingeyasikia.

Zile mbili zilizokwenda kwa fedha kamili zina uzito zaidi. Jiweke mahali pa aliyeweka laki tatu wiki ya kwanza. Anakutana na mtu Avenue Road ana simu ile ile, anamuuliza umeipata wapi, anatajiwa duka lako. Amenunua lini? Juzi. Kwa hesabu ya yule wa kwanza, fedha yake ndiyo iliyoleta simu, wewe ukamuuzia mwingine. Naelewa kodi ya chumba, nami nimepanga vyumba vya biashara na najua mwenye nyumba akisimama mlangoni moyo unavyodunda. Lakini simu zile hazikuwa zako kuziuza, zilikuwa na wenyewe. Ungemwambia mwenye nyumba umechelewa wiki moja, angekasirika mtu mmoja.

Sikuhukumu kutoka mbali. Kampuni moja niliyoifanyia kazi Kampala ilipokea simu 12 za mwanzo za toleo lililokuwa likitafutwa mno, na kabla ya saa nne asubuhi marafiki wa wakubwa walikuwa wamezimaliza. Mchana akaja bwana mmoja aliyelipa kabla ya wote. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, mimi ni wa ngapi kwenye foleni? Sikuwa na jibu, kwa sababu hatukuwa na foleni. Tulikuwa na rundo la risiti kwenye droo. Alichukua fedha yake akaondoka, na sikumwona tena. Swali lake limekaa nami mpaka leo, na ndilo nililolitumia kupanga kila mzigo uliofuata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari. Andika majina yote kwa tarehe na saa ya malipo, kuanzia wa kwanza hadi wa 30. Waliolipa kwa simu ujumbe wa malipo una saa yake, waliolipa dukani wana risiti. Kisha mpe kila mtu namba yake. Namba hiyo isibadilike kwa kelele, wala kwa undugu, wala kwa mtu kuongeza fedha juu. Orodha ya namba peke yake, bila majina, ibandike ukutani dukani, na kila simu ikifika futa namba iliyopata mbele ya macho ya watu.

Kazi ya pili ni kujua kungoja huku kunamgharimu nini kila mmoja, maana hawafanani hata kidogo. Yuko aliyetaka awe wa kwanza kuonekana nayo. Huyo kwake raha ilikwishapita tangu wiki ya tatu, na ukimpa fedha yake atashukuru. Yuko aliyekopa SACCO na ameanza kulipa riba ya simu ambayo hajaishika. Yuko aliyeuza simu yake ya zamani kwa sababu ulimwambia wiki mbili. Huyo wa mwisho ndiye anayenitia huruma zaidi. Hapa kwetu simu ndiyo benki. Asiye nayo hapokei fedha ya mteja wake, hatumi karo, anaazima ya jirani na kutaja namba yake ya siri mbele za watu. Muulize kila mmoja: sasa hivi unatumia simu gani? Asiye nayo mwazime katochi, simu ndogo ya vitufe, leo, aweke laini yake, airudishe siku simu yake ikifika. Katochi tano au sita hazitakufilisi. Usitoe makava na vioo vya bure kwa sasa. Zawadi inayotangulia maelezo inanuka rushwa, na mtu mwenye hasira anaweza kukurushia.

Kazi ya tatu ni ngumu: mpe kila mteja mlango wa kutoka. Najua unachofikiri, kwamba wote 27 watatoka siku moja na fedha huna. Kwa uzoefu wangu hawatoki wote. Mtu aliyefungiwa ndani hupigania mlango. Akijua mlango uko wazi, wengi hukaa, kwa sababu simu wanaitaka kweli. Lakini usiahidi fedha ya siku hiyo hiyo kama huna; ahadi ya pili ikivunjika hapatakuwa na ya tatu.

Sheria yenyewe haikupi nafasi ya kuufunga mlango huo. Kwa oda ulizopokea kwa WhatsApp, sheria ya Uganda ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka muuzaji atimize oda ndani ya siku 30, isipokuwa kama mlipatana vingine. Muda huo ukipita, au ule mliopatana, mnunuzi anaweza kuvunja mapatano kwa kukupa taarifa ya maandishi ya siku saba. Uliwaahidi wiki mbili, sasa ni saba. Kwa waliolipa dukani kuna sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017: uliyempa tarehe ana haki na tarehe yake, na ambaye hukumpa tarehe ana haki ya kuletewa ndani ya muda unaofaa. Tena mahakama zetu za mahakimu zina utaratibu wa madai madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mdai anajisemea mwenyewe bila wakili. Mteja wako yeyote anaweza kuutumia.

Nawe pia unaweza. Laki tatu mara 30 ni milioni 9. Simu tano zimekwishakuja, kwa hiyo unachomdai muuzaji wa jumla ni kama milioni 7 na nusu, na kiasi hicho kinaingia kwenye utaratibu huo. Mwandikie barua leo, ya karatasi au ya WhatsApp, mradi iwe na tarehe: alete simu 25 kwa siku unayomtajia, au arudishe fedha. Weka kila risiti na kila ujumbe aliokuandikia. Na ikiwa yale maswali matatu ya mwanzo hakuyajibu, usimpe hata wiki moja zaidi kwa sababu ya mazoea yenu.

Ujumbe kwa wateja uandike hivi, kwa maneno yako, na umtumie kila mtu peke yake:

«Salaam. Mimi ndiye uliyenilipa laki tatu za simu. Nilikuahidi wiki mbili, leo ni ya saba, na nimekosa kwako. Zilifika simu tano nikazigawa bila kufuata foleni. Hilo ni kosa langu. Wewe ni namba kumi na moja. Simu haijafika kwangu na sina tarehe ya uhakika. Nitakuandikia kila Ijumaa jioni hata kama sina jipya. Ukitaka kungoja, nijibu "nangoja". Ukitaka fedha yako, nijibu "nirudishie", nitakulipa kabla ya tarehe hii.» Halafu taja tarehe unayoiweza.

Utaona nimeweka lile kosa la simu tano humo ndani. Mficha uchi hazai, na hilo wanalijua tayari. Wakilisikia kwako litapoa, wakiendelea kulisikia mitaani litakua. Na Ijumaa ni Ijumaa. Usiposikia lolote kutoka Kampala, andika kwamba hujasikia lolote. Ujumbe wa kusema hakuna habari ni habari kwa mtu anayehesabu siku.

Waliokutukana Facebook wajibu pale pale mara moja tu, bila kubishana, useme oda imechelewa, kila mteja ameandikiwa na amepewa uchaguzi, kisha mpigie mwenyewe kwa sauti. Usifute walichoandika. Ukifuta, wale wanaosoma kimya watamaliza hadithi kwa namna yao.

Siku nyingine simu mpya ikitangazwa, usipokee arbuni zaidi ya simu unazoweza kuzirudishia fedha siku hiyo hiyo. Fedha za wateja zikae kwenye laini ya peke yake, usizitume Kampala zote kabla hujaonyeshwa mzigo. Na muda ukiambiwa wiki mbili, wewe sema tano. Utapoteza wateja wachache wenye haraka.

Usianze na wanaopiga kelele. Leo jioni kabla hujaandika ujumbe wowote, mpigie yule wa Ariwara. Anavuka mpaka kuja kwako, na huko pia kuna maduka ya simu. Laki tatu zake alikuachia wewe. Tazama kwenye daftari ni wa ngapi. Kama alilipa miongoni mwa watano wa kwanza, basi moja ya simu zile ilikuwa yake, na akiuliza, umwambie ilikwenda wapi.